Maua ya Bei Poa ya Bi Lucyna

“Bi Lucyna, kwani unayanunua ya nini, na unajua kabisa Mzee Zenon atayang'oa?”

Nilimuuliza hivyo nikiwa darasa la nne, mbele ya watu, kwenye duka kubwa la mtaani kwetu hapa mjini Toruń. Ilikuwa tarehe tisa Machi, na tarehe hiyo kwa Bi Lucyna ni sikukuu. Jana yake huwa ni Siku ya Wanawake, siku ambayo wanaume wa mji mzima wanakumbuka jioni kwamba wana wake, wanakimbilia dukani kugombania maua. Kesho yake asubuhi vyungu vilivyobaki vinabandikwa karatasi ya njano ya punguzo. Majani yamevunjika, maua yamelala, udongo umekauka. Hapo ndipo Bi Lucyna anapoingia na toroli lake.

Alinipa mfuko wa plastiki wenye mzizi ndani yake, na juu yake picha ya peonia, lile ua la rangi ya waridi, kubwa kama kabichi.

“Bonyeza hapo kwa kidole gumba,” akasema. “Mgumu au mlaini?”

“Mgumu kiasi.”

“Kiasi si jibu. Ukiwa mlaini umeoza. Na ukiona kichipukizi cheupe kimerefuka hivi, ujue umeanza kuota gizani humo mfukoni, umejimaliza wenyewe. Urudishe. Nitafutie ambao bado umelala.”

Mama mmoja nyuma yetu kwenye foleni alichungulia toroli. Ndani yake mlikuwa na vyungu vya maua ya ndani ambavyo hata mimi niliviona vya kutupwa, na juu yake mifuko ya mizizi.

“Mama, hayo si yameshakufa?”

“Hata mimi ukiniangalia haraka haraka utasema hivyo hivyo,” Bi Lucyna akamjibu, na keshia akacheka mpaka akakosea kupiga bei.

Ploti ya Bi Lucyna na mumewe, Mzee Zenon, inapakana na yetu. Bustani za chama chetu ziko nyuma ya reli, kila familia na kipande chake na kibanda chake cha mbao, na kati yetu na akina Bi Lucyna kuna uzio wa waya tu. Kwa hiyo mengi ya haya niliyaona mwenyewe, na yale ya kabla sijazaliwa alinisimulia tukiwa tunachambua mizizi kwenye ndoo za maji. Mizizi ya dukani huwa imekauka, inabidi inywe kwanza, kisha ikae roshani kwenye baridi mpaka ardhi iachie barafu.

Zenon alikuwa fundi mashine. Bi Lucyna alikuwa kiwanda cha nyuzi, ambako kila Machi nane wanawake walipangwa mstari, kila mmoja akapewa ua moja jekundu na jozi moja ya soksi ndefu, akatia sahihi.

“Ua lilikufa kabla sijafika kituo cha tramu,” alisema. “Soksi nilivaa miaka miwili.”

Ile ilikuwa miaka ya shida, dukani rafu zina siki peke yake. Zenon alipanda viazi ploti nzima, uzio hadi uzio, mpaka chini ya dirisha la kibanda. Binti zao wawili walikua kwa viazi hivyo. Kila mwaka theluji ikianza kuyeyuka Bi Lucyna alikuwa anaomba kitu kimoja: ukanda mwembamba kando ya uzio wetu, kule jua la asubuhi linakopiga, apande maua yanayolala ardhini wakati wa baridi na kurudi yenyewe kila mwaka. Na kila mwaka Zenon alimjibu, “Nikistaafu, Lusia. Nikistaafu ukanda ule ni wako.” Sisi wengine wote tunamwita Lucyna. Lusia alikuwa anaitwa na mumewe peke yake.

Akastaafu, na ahadi akaitimiza. Alilima ukanda mwenyewe, akaulaza kama kitanda, akaunyoosha kwa uzi. Bi Lucyna akanunua mizizi yake ya bei poa, akapanda. Aprili, vichipukizi vilipoanza kutoka, Zenon akachukua sepetu akavichimbua vyote, akapanda viazi.

Bi Lucyna alidhani ni mzaha. Walipokwenda kwa daktari ndipo wakaambiwa ni ugonjwa wa kusahau. Daktari alimweleza kwamba kwanza vitapotea vitu vidogo vidogo, halafu njia za kwendea, halafu watu.

“Mimi nitapotea lini?” Bi Lucyna akamuuliza.

Daktari akasema hakuna anayejua.

Hayo alimwambia mama yangu hapo hapo kwenye uzio, na mimi nilikuwa nimechuchumaa kwenye matuta ya vitunguu nikisikiliza. “Kufa si kitu, kila mtu anakufa,” alisema. “Lakini nimwekee mume wangu supu mezani, aniulize wewe ni nani? Hilo sitaliweza, jirani. Nakwambia kabisa sitaliweza.”

Mama akampa vitunguu.

Sasa mwaka ule wa swali langu, mizizi tuliyoinunua pamoja ilipandwa mwisho wa Machi. Peonia zikichomoza huwa nyekundu, zinatoka ardhini kama vidole vya mtu. Nilikuwa naenda kuziangalia kila nikitoka shule. Jumamosi moja nikiwa na baba tunapaka rangi kibanda, tukamwona Mzee Zenon anatoka na sepetu, kofia kichwani, na ndoo ya viazi vilivyochipua.

“Haya,” baba akasema kwa sauti ya chini. “Sinema imeanza.”

Bi Lucyna alitoka mbio na taulo la vyombo mkononi. “Zenon. Zenon, hayo ni maua yangu.”

“Maua?” Mzee akasimama, akamgeukia. “Lusia, una wazimu? Watoto watakula maua?”

“Watoto wana miaka arobaini. Wako Norwe, wanakula samaki.”

“Samaki wa wapi wewe? Nimepita dukani asubuhi, kuna siki tu. Siki na yule mama muuzaji, na yeye ndiye mchungu kuliko siki.”

Baba alijikausha asicheke. “Mzee, si umwachie mama hata kona moja?”

“Nyamaza wewe, umezaliwa jana, njaa hujaijua.”

“Uliniahidi, Zenon,” Bi Lucyna akasema. “Ulisema ukistaafu.”

“Nimestaafu mimi? Jumatatu si niko zamu? Lusia, toka njiani, mstari utapinda.”

“Kichwa kama hiyo sepetu yako.”

“Ulinikuta nacho. Hukulazimishwa.”

Waligombana mpaka watu wa ploti za mbele wakaja kusimama. Vidole vyekundu vikarushwa kimoja kimoja kwenye rundo la mboji. Mimi nililia, nasema kweli. Lakini Bi Lucyna alipomaliza kupiga kelele alikaa kwenye benchi la kibanda, mashavu mekundu, akazirudisha nywele zake ndani ya kitambaa. Mzee alipanda viazi mpaka mwisho wa mstari, akaja akaketi ubavuni mwake, akauliza, “Lusia, chai ipo?” Bi Lucyna akamletea chai kwenye glasi, wakanywa.

Nilishangaa sana. Mimi ningemmwagia.

Majira ya baridi yalikuwa mambo mengine kabisa. Ploti zinafungwa, watu wanabaki kwenye fleti zao. Januari mama alinituma nipeleke keki ya jibini, nikakuta jikoni kwao kama wodi: vyungu vya punguzo vimepangwa ukingoni mwa dirisha, kila mmea umefungwa kijiti na uzi, mingine imeanza kutoa jani. Hivyo vya ndani Mzee Zenon hakuvigusa hata siku moja. Alikuwa ameketi mezani, amechana nywele vizuri.

“Mama, samahani,” alimwambia mkewe kwa adabu, kama mtu anayeongea na nesi. “Choo kiko upande gani?”

“Mlango wa pili, Zenon.”

“Asante mama. Mna nyumba nzuri.”

Bi Lucyna aliendelea kukata keki. Vipande vilitoka vidogo vidogo mno, akavikata tena.

Machi tukaenda dukani tena. Na Machi iliyofuata. Mimi nilishazoea kubonyeza, hadi mama yangu alinituma nimchagulie na yeye. Aprili ikifika, sinema. Mwaka mmoja Bi Lucyna alichomeka kibao kilichoandikwa VIAZI, akidhani mzee ataona ukanda umeshapandwa. Mzee akasoma, akafurahi, akachimbua aone kama vimeota. Mwaka mwingine mama alimshauri aifiche sepetu, akaificha. Tuliona Mzee Zenon amepiga magoti anachimba kwa mikono, na udongo wa siku zile ni baridi, unakata. Kucha zikatoka damu. Kisha akaingia kibandani akarudi na upawa wa supu.

“Lusia,” alikuwa anaita huku akichimba. “Lusia, nani kaiba sepetu yangu? Hawa jirani zako hawa.”

Bi Lucyna akaitoa sepetu chini ya kitanda cha kibandani, akampa. Kabla ya hapo alimwosha mikono.

Bwana Roman, mwenyekiti wa bustani, alifika siku ile ile. “Bi Lucyna, mpeleke mahali akatunzwe. Kelele zimezidi. Watu wanalalamika.”

“Watu gani?”

“Watu.”

“Watu ni wewe na mkeo, Roman. Na mkeo huwa anakuja na kiti chake kabisa, asikose hata neno.”

Mirka, binti yake mkubwa, naye alikuwa anapiga simu kutoka Norwe kila Jumapili akisema hayo hayo ya kumpeleka mahali. Bi Lucyna alimjibu kwamba akiwa ploti baba yake bado ana kazi, na mtu mwenye kazi haondolewi kazini.

Halafu kuna jambo la mama yangu na shina la peonia. Mwezi wa Septemba mama alichimbua peonia yake kubwa, akaigawa, akampa Bi Lucyna kipande chenye macho ya kutosha, yale ya kuchipukia, ili apumzike na yale ya dukani. Kwetu mmea wa kupewa haushukuriwi. Ukisema asante tu, haushiki. Unaupokea kimya, unageuka kama umeiba, na aliyekupa anajifanya hakuoni. Kila mtu anajua, hata watoto. Bi Lucyna akapokea, akageuka. Mzee Zenon, aliyekuwa nyuma yake, akavua kofia akainama.

“Asante sana, mama. Ubarikiwe.”

Mama akashika mdomo. Bi Lucyna akaangua kicheko. “Zenon, umeshauua. Hata ardhini haujafika.”

Lakini mzee hakucheka. Alikuwa anamtazama mkewe, anasubiri aambiwe kama amekosea au amepatia, kama mgeni aliyekuja kwa watu asiojua desturi zao. Bi Lucyna alisimama na lile shina mkononi hadi udongo wote ukadondoka.

Lilipandwa. Aprili likachimbuliwa pamoja na mengine, na nilisikia “Lusia” ikipita juu ya uzio kwa sauti ambayo safari hii ilikuwa ndogo, imechoka. Ile ilikuwa mara ya mwisho.

Mwaka uliofuata nilikuwa darasa la nane. Mizizi ilipandwa kama kawaida, vidole vyekundu vikatoka. Mzee Zenon aliletwa ploti, akakalishwa kwenye kiti, blanketi magotini. Bi Lucyna mwenyewe ndiye aliyeileta sepetu, tena ameinoa, akaiegemeza kwenye kiti. Ndoo ya viazi akaiweka karibu na mguu wa mzee. Mzee alitazama treni.

“Leo amechoka,” Bi Lucyna alituambia.

Kesho yake kisingizio kilikuwa mgongo wa mzee. Wiki iliyofuata ilikuwa baridi, eti hata yeye mwenyewe mgongo unamuuma. Mei ikaisha. Viazi ndani ya ndoo vikatoa mikia mirefu, vikasinyaa, akavimwaga.

“Hongera, Bi Lucyna,” mama akasema kwenye uzio. “Angalau umepata ukanda wako.”

“Ndiyo,” akajibu, akaingia kibandani.

Peonia haichanui mwaka wa kwanza, wala wa pili. Inajenga mizizi kwanza. Miaka miwili ile ukanda ulijaa majani tu, mazuri, ya kijani iliyokolea, na Bi Lucyna alipalilia kidogo kidogo na baadaye akaacha kupalilia. Mwaka huu, tarehe tisa Machi, nilipitia kwao asubuhi kabla ya shule.

“Bi Lucyna, punguzo limetoka.”

“La nini?”

“La maua. Tukawahi.”

“Nenda shule, mtoto.”

Nyuma yake niliona dirisha la jikoni. Vyungu vilikuwa pale pale, mimea imesimama kwenye vijiti na nyuzi zake, imekauka mpaka imekuwa rangi ya karatasi. Mzee Zenon alikuwa mezani. Alinisalimia kwa heshima, akamuuliza mkewe, “Mama, huyu ni binti yako?” Bi Lucyna akasema hapana. Niliposhuka ngazi nilisikia anaongea na Mirka kwenye simu kwamba nafasi imepatikana kwenye nyumba ya wazee, watamchukua baba yake mwezi wa saba.

Juni peonia zikachanua zote kwa mpigo. Hajawahi mtu kuona kitu kama kile bustani nzima. Mvua ilikuwa imenyesha, vichwa vimeinama kwa uzito, waridi na nyeupe, sisimizi wanapita juu yake, harufu inafika hadi kwenye reli. Watu walikuja na simu zao kupiga picha. Bwana Roman alisimama mikono nyuma, akasema mwaka huu zawadi ya bustani bora haina mjadala.

“Mizizi ya wapi hii, Bi Lucyna? Uliagiza?”

“Ya dukani. Ya kutupwa.”

Akamwachia maneno hayo tu. Mzee Zenon alikuwa kwenye kiti chake, uso kwenye maua, na sikuweza kujua kama anayaona.

Watu walipoondoka nilibaki upande wetu nachuma stroberi. Nikasikia sauti ya chuma ikiingia ardhini. Nilipoinua kichwa, Bi Lucyna alikuwa na sepetu, ameanzia kona ya kibanda. Shina la kwanza lilikuwa limeshalala pembeni, mizizi yake mikubwa kama mihogo, maua yamezama kwenye udongo.

“Bi Lucyna, unafanya nini?”

Hata hakugeuka. Ana miaka sabini na kitu, na peonia ya miaka mitatu inashika kweli kweli, lakini alikuwa anaikanyaga sepetu kwa mguu mzima. La pili. La tatu. Alipofika katikati akaingia kibandani, akatoka na mfuko wa viazi vya kula, vya dukani, vilivyooshwa.

“Napanda viazi, Zenon,” akasema kwa nguvu. “Unaona? Hapa kwenye ukanda. Juni hii. Nani anapanda viazi Juni, Zenon?”

Mzee alikuwa anamfuata kwa macho.

“Na mistari nimeipinda. Angalia ilivyopinda. Sikuweka uzi. Hata mboji sikuweka, navitupa tu.” Alikuwa anavitupa kweli, kimoja huku kimoja kule. “Vitaoza vyote. Watoto watakula nini, Zenon? Niambie. Watakula nini?”

Udongo uliruka karibu na kiti. Mzee Zenon akavuta miguu yake nyuma taratibu ili viatu visichafuke.

“Unafanya kazi vizuri, mama,” akasema. “Mwenye shamba anakulipa?”

Bi Lucyna aliiweka sepetu chini, akaigeuza ndoo, akaikalia. Mimi niliruka uzio. Sikujua nifanye nini, nikaanza kuokota maua yaliyovunjika na kuyaweka pamoja, kisha nikaona ni ujinga, nikayaacha. Nikachuchumaa karibu yake. Aliibana mikono yake katikati ya magoti.

Treni ilipita. Mzee akainua mkono akaipungia.

“Uliwahi kuniuliza,” Bi Lucyna akasema. “Dukani. Ulikuwa mdogo, umebeba mfuko. Ukaniuliza nayanunua ya nini na najua atayang'oa.”

“Nakumbuka.”

“Akiyang'oa tulikuwa tunagombana,” akasema. “Na tukigombana, alikuwa ananiita Lusia.”